Mwanafunzi Yupi Yuko Katikati?

Kila mwanachuo wa ualimu anaweza kujaza andalio la somo hata ukimwamsha usiku wa manane. Juu kabisa jina la shule, tarehe, darasa, kipindi na muda. Kisha kijedwali cha idadi: waliosajiliwa, waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Chini yake umahiri, malengo na zana, halafu safu zenyewe: hatua, muda, vitendo vya mwalimu, vitendo vya wanafunzi. Kwenye safu hiyo ya mwisho ndipo tunapoandika sentensi ambayo kila mkufunzi anapenda kuikuta: "Wanafunzi wajadili katika vikundi na kuwasilisha." Ukishaiandika, somo lako limehesabiwa kuwa shirikishi.

Tangu nirudi chuoni kutoka BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, sentensi hiyo hainipi amani. Wanafunzi gani wajadili? Katika darasa la watoto 80, na madarasa ya namna hiyo si ya kutafuta hapa Moshi, kikundi ni watoto kumi au kumi na wawili waliobanana kuzunguka madawati mawili. Mmoja ana kalamu. Wawili wanambishia aandike nini. Waliobaki wanaangalia, wengine hata kuangalia hawawezi kwa sababu wamezibwa na migongo ya wenzao. Muda ukiisha, mwenye kalamu anasimama kuwasilisha, darasa linampigia makofi, na mwalimu anaandika kwenye tathmini kwamba somo limeeleweka. Mtoto huyo angejibu hivyo hivyo hata kama mwalimu angehutubia kipindi kizima.

Vyuoni tunafundishwa mada mbili tofauti. Ufundishaji unaomlenga mwanafunzi uko huku, elimu jumuishi, ile ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, iko kule, na hii ya pili mara nyingi inapitiwa kwa haraka, kama kitu cha wale watakaokwenda kusomea elimu maalumu. Mimi naamini ni jambo moja. Ukisema unamweka mwanafunzi katikati bila kujiuliza ni yupi, utamweka yule anayekaa mbele, anayesikia vizuri, anayeona vizuri, aliyekunywa chai asubuhi na ambaye nyumbani kuna mtu wa kumwangalizia madaftari. Huyo tayari yuko katikati. Mbinu shirikishi zikimhudumia yeye peke yake hazijabadilisha kitu darasani zaidi ya mpangilio wa madawati.

Wapo wanaosema haya ya kumlenga mwanafunzi tumeletewa na wafadhili, na kwamba sisi tulisomeshwa kwa kukariri na tukafika. Lakini historia yetu inasema vingine. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Watu wanakumbuka zaidi mashamba ya shule na kazi za mikono, lakini mle ndani alitaka pia shule ijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa mtu kujifunza kutoka kwa wengine kisha akapokea au akakataa kulingana na mahitaji yake. Mtaala wa sekondari wa 2005 ukaja na ujenzi wa umahiri, na mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024, umeendelea na njia hiyo. Upande wa ujumuishi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika mazingira jumuishi. Nia tunayo kwa zaidi ya miaka hamsini. Kinachobaki ni kile kinachotokea saa tatu asubuhi, mlango wa darasa ukishafungwa.

Nilichokiona mimi kilitokea siku ya mvua.

Ilikuwa masika, na anayeijua masika ya Moshi anajua mlima ukishajifunika asubuhi kinachofuata ni nini. Darasa letu la tatu lilikuwa na bati bila dari. Mvua ilipoanza kupiga, sauti ya mwalimu ikapotea. Mwalimu wa darasa, mama mmoja wa makamo aliyefundisha miaka mingi na ambaye nilikuwa chini ya uangalizi wake, hakupiga kelele wala hakuwaambia watoto walale juu ya madawati wasubiri. Aligeuka, akafuta ubao, akachora safu tatu za duara, nne kila safu. Akagonga safu ya kwanza kwa chaki, akainua vidole vinne. Akagonga ya pili. Kisha akachukua mfuko wa vifuniko vya soda, akapita dawati kwa dawati akimwaga vichache kila mahali, na kwa mkono tu akawaonyesha: pangeni kama mimi. Akamvuta mtoto mmoja mbele, akampa chaki aendelee. Watoto wakatazamana, wakasogezeana vifuniko, wakasahihishana kwa vidole. Hakuna aliyeweza kudesa kwa kunong'onezwa, maana hata kunong'ona kusingesikika.

Mtoto wa kwanza kumaliza na kunyoosha mkono alikuwa msichana ambaye mimi nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake. Kwenye kumbukumbu za darasa alikuwa ameandikwa "mpole, hajitumi." Akaitwa ubaoni akafanya zoezi la pili na la tatu, yote sahihi, kisha akabaki amesimama kama mtu anayetaka kupewa jingine.

Mvua ilipokatika niliona yule mama anamtazama sana. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Madam, huyu mtoto hasikii." Akamwita taratibu kwa nyuma, upande wa kushoto. Hakugeuka. Upande wa kulia, kwa sauti ya juu kidogo, akageuka. Mama mzazi alipokuja shuleni alisema sikio lilianza kutoa usaha tangu mtoto akiwa mdogo sana. Lilikuwa linaacha, linarudi, na yeye akadhani ni jambo la kawaida la watoto. Usaha wa sikio usiotibiwa unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu, na ni ugonjwa unaotibika ukiwahiwa kwenye kituo cha afya. Lakini mtoto mwenye usikivu mdogo hana alama usoni. Hana fimbo nyeupe, hana kiti cha magurudumu. Anajibu "ndiyo mwalimu" pamoja na wenzake kwa sababu anaona midomo yao inafunguka. Anaweza kufika hadi darasa la saba akiitwa mpole.

Nimefikiri sana kuhusu mvua ile. Kwa dakika zile chache darasa zima lilikuwa halisikii, na mwalimu akafundisha kama mtu anayefundisha wasiosikia: kwa kuandika, kuchora, kuonyesha, kugusa, kupita katikati ya madawati. Na wale wenye masikio mazima hawakupoteza kitu. Walielewa kuzidisha siku ile kuliko siku iliyotangulia, wakati somo lilikuwa la maneno matupu. Hapo ndipo imani yangu ilipopata miguu. Andaa somo ukianzia kwa mtoto ambaye litampita, na wengine wote watakuwemo. Ukianzia kwa yule wa wastani unayemfikiria kichwani, ambaye kwa kweli hakuna dawati aliloketi, utawaacha wengi bila hata kujua umewaacha.

Chukua mtoto mwenye ualbino. Mkoa wetu una bahati katika jambo moja: hapa hospitali ya KCMC kunatengenezwa mafuta ya kukinga ngozi zao na jua, yanaitwa Kilisun, na walimu wengi wa huku wanajua habari za kofia na mikono mirefu. Ni jambo kubwa, linaokoa maisha, maana saratani ya ngozi imewaondoa wengi. Lakini darasani shida yake ya kila kipindi ni macho. Uoni wake ni hafifu, mwanga mkali unamuumiza, na miwani inasaidia kwa kiasi tu. Walimu wengi wanamweka dawati la mbele na kuona kazi imekwisha. Mbele, kando ya dirisha, jua la saa nne likimpiga usoni! Muulize mwenyewe ubao anauona vizuri akiwa wapi. Mruhusu asimame aende hadi ubaoni, asome, arudi, bila kuomba ruhusa kila mara. Andika herufi kubwa. Na jambo jepesi kuliko yote: kila unachoandika, kisome kwa sauti huku unaandika. Hakuna bajeti inayohitajika hapo. Yule wa nyuma aliyezibwa na kichwa cha mwenzake naye atakuombea mema.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa kwenye ofisi ya walimu: "Mwanangu, hayo ni ya chuoni. Subiri upewe watoto 80 na vipindi thelathini kwa wiki." Sipuuzi hata kidogo. Kiwango tunachofundishwa ni watoto 45 kwa mwalimu, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wameingia shuleni kwa wingi, jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulifurahia hata kama mgongo unauma. Madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Madai ya walimu kuhusu hilo ni ya haki na lazima yaendelee kusemwa.

Hata hivyo, darasa kubwa ndiyo sababu ya kuachana na vikundi vikubwa. Kwenye dawati moja wanakaa watatu. Hao tayari ni kikundi, hawahitaji kuhama, hawahitaji kelele za kuburuta madawati. Uliza swali, kisha sema, "Mwambie jirani yako." Kwa dakika moja watoto zaidi ya ishirini wanaongea kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na msikilizaji aliye karibu. Akiwa mgeni wa Kiswahili, mwenzake atamweleza kwa Kichagga au Kimaasai, na sioni ubaya wowote. Atakaporudi kwenye Kiswahili atakuwa amebeba kitu cha kusema. Sijaona mbinu nyingine inayowafungua midomo watoto wengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Halafu kuna kusubiri. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu, na watoto waliokuwa hawajibu wanaanza kujibu. Sekunde tatu! Ukiwa umesimama mbele ya darasa zinaonekana ndefu kuliko kipindi, hasa pale mikono ya wale watano inapopepea na vidole vinalia "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" Nilijizoeza kuwaambia washushe mikono, kila mtu afikiri kwanza. Kisha navuta jina kwenye kopo lenye vipande vya boksi nilivyoandika majina ya wote. Anayetajwa anaweza kujibu, au akasema "bado nafikiri," na nitamrudia. Sheria hiyo ya kumrudia ni muhimu. Bila hiyo, kopo linakuwa kitisho kingine kwa mtoto mwenye kigugumizi au mwenye hofu.

Na hofu ndiyo inanileta kwenye fimbo. Hapa sitazunguka. Hakuna darasa linalomlenga mwanafunzi ambalo mwanafunzi anachapwa kwa kukosa jibu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa makosa makubwa ya nidhamu, na mchapaji ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kukosea saba mara nane si kosa la nidhamu kwa kanuni yoyote. Tena jibu lisilo sahihi ni kitu cha thamani kwa mwalimu. Linamwonyesha mahali hasa mtoto alipopotea. Ukimchapa kwa kulitoa, kesho hatalitoa, utabaki unafundisha gizani. Na wanaochapwa zaidi kwa kukosa majibu ni nani? Ni yule asiyesikia, asiyeona ubao, aliyelala njaa, mwenye ulemavu wa kujifunza ambao hakuna aliyeutambua. Nitakapopangiwa kituo sitaingia na fimbo darasani, na nitalisema hilo kwa heshima siku ya kwanza ili lisije kuwa mgogoro baadaye.

Wengine wanakimbilia mtihani: tukifundisha taratibu hivi hatutamaliza mada, na darasa la nne na la saba Baraza linatungoja. Lakini Baraza la Mitihani lenyewe limeshakubali kwamba watoto hawafanani. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu anapewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa, asiyeona anapewa ya nukta nundu, na kuna muda wa nyongeza. Inakuwaje mtoto akutane na maandishi makubwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, baada ya miaka yote ya kunakili ubao asiouona? Januari 2023 Baraza hilo liliacha pia kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Shuleni kwetu bado tunasimama siku ya kufunga na kusoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho mbele ya wazazi. Huyo wa mwisho anayesikia jina lake likitajwa mbele ya mama yake amejifunza nini kuhusu shule?

Kuna swali moja ambalo sitaki kulirahisisha. Je, kila mtoto mwenye ulemavu akae darasa la kawaida? Kati ya Moshi na Arusha, pale Tengeru, kuna Chuo cha Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na baadhi ya shule za msingi zina vitengo vinavyotegemea walimu wa aina hiyo. Nawaheshimu mno. Kwa mtoto kiziwi hasa, naona kumweka peke yake katikati ya watoto 80 wanaosikia, bila mwalimu wala mwenzake anayejua Lugha ya Alama, na kuuita huo ujumuishi, ni kumnyima lugha. Mtoto huyo anahitaji watoto wengine viziwi na watu wazima wanaoongea lugha yake. Shule kama ile ya viziwi Mwanga, hapa mkoani kwetu, zina kazi ambayo darasa langu haliwezi kuifanya kwa sasa. Lakini wengi wanaoachwa nyuma hawako hivyo. Ni watoto wa sikio moja, wa macho hafifu, wa kusoma kwa taabu, wa mguu mmoja mfupi. Hao wapo kwa mwalimu wa kawaida, na wakingoja mtaalamu kutoka Patandi afike kila shule watamaliza wakiwa bado wanangoja. Ningependa kila mwanachuo, awe wa diploma ya msingi au shahada ya sekondari, ajifunze angalau salamu, namba na maneno ya darasani kwa Lugha ya Alama kabla hajahitimu. Na kitengo kikiwepo shuleni, wimbo, michezo, bustani na paredi viwe vya wote.

Wapo pia walioachwa nje bila ulemavu wowote. Yule ambaye mchango wa chakula haujalipwa, anayekaa chini ya mti wenzake wakinywa uji. Msichana aliyejifungua, ambaye tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi lakini anaogopa minong'ono kuliko hesabu. Mwalimu hana fedha za kutatua yote. Ana uwezo wa kuwajua, kwa majina, na kukataa wasemwe vibaya mbele yake.

Ombi langu la sasa ni kwa wakufunzi wanaokuja kutukagua tukiwa BTP. Mmezoea kuingia kimya na kuketi dawati la nyuma na fomu yenu: utangulizi, matumizi ya ubao, zana, sauti, unadhifu. Kutoka nyuma mnaniona mimi, na watoto mnaona visogo vyao. Mara nyingine ketini mbele, pembeni ya ubao, mkiwatazama wao. Kabla hamjanipa alama, chagueni mtoto mmoja ambaye hakunyoosha mkono kipindi kizima, mniulize jina lake, mniulize amejifunza nini leo na nimejuaje. Nikishindwa kujibu, liandikeni hilo kwenye fomu, hata kama vikundi vyangu vilijadili na kuwasilisha.